Bastola Ilipata Karatasi Kwanza

Durban, Jumapili 9 Februari 2025

Mama Tina mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, Tina na mama. Mimi sijambo. Naandika kwa karatasi kwa sababu ileile ya siku zote: simu ya nyumba hiyo inasikilizwa na watu wote, na mama huweka sauti juu hata ninapokohoa. Pascal anapakia lori lake bandarini keshokutwa. Atakuletea hii pamoja na viatu vya Tina, wakimpitisha salama pale mpakani Kasumbalesa.

Kwanza viza yako. Hakuna jipya upande wangu. Karatasi zote za mume nilizotakiwa kutoa nilizitoa mwaka jana mwezi wa tano, na konsula ya Afrika Kusini huko Lubumbashi ndiyo itakayokuita. Tunaingia mwaka wa nane wa kuishi mbalimbali, kwa hiyo wiki chache hazitatuua. Vyumba viwili vya Overport nimekwisha kuhamia, kama nilivyoahidi. Kitanda cha Tina kipo, bado kimevaa nailoni yake ya dukani. Sijataka kuivua mpaka mje.

Jambo la pili, naomba uketi ndipo usome.

Nimenunua bastola. Ni halali, ina leseni yenye jina langu na picha yangu, nami nitakueleza kwa utaratibu.

Unamkumbuka Brandon, Mkenya yule anayefundisha chuoni, niliyemtengenezea simu iliyoanguka baharini? Mwaka juzi alinialika kwenye klabu yao ya kulenga shabaha, huko bara kwenye mashamba ya miwa. Nilikwenda kwa adabu tu, kama mtu anavyokwenda harusi ya watu asiowajua. Akanipa mkononi bastola ya mtindo wa zamani, ya chuma kitupu, iliyobuniwa zaidi ya miaka mia iliyopita na inayotengenezwa hivyohivyo mpaka leo. Nilipiga risasi moja. Niliporudi nyumbani nilikaa na viatu vyangu mguuni mpaka chakula kikapoa. Tangu siku ile nilitaka yangu.

Hapa si kwetu, ambapo mtu anaamka na bunduki bila kujua ameipata wapi. Nilifanya mtihani wa sheria, nikafanya mtihani wa kuishika, nikachukuliwa alama za vidole, na afisa akaja kutikisa sefu ukutani aone kama imeshika. Bastola yenyewe ukishainunua haiji nyumbani. Inabaki dukani kungoja leseni, na yangu ilingoja miezi minane. Kila Jumamosi nikifunga duka la simu Isipingo nilipita kuitazama. Mzee mwenye duka la silaha hasemi sana, lakini akiniona mlangoni alikuwa anasema, "Mchumba wako yupo, hajaondoka." Anaitoa kabatini, anailaza juu ya kitambaa cha kijani, ananiacha niishike kidogo.

Leseni ilitoka mwisho wa Januari. Jana niliipiga kwa mara ya kwanza ikiwa mali yangu.

Nitajaribu kukuonyesha. Ni nzito kuliko unavyodhani ukiitazama. Chuma chake ni cheusi, lakini ukikiinamisha kwenye mwanga kina buluu ndani yake, kama shingo ya njiwa. Mpini una mbao za kahawia zenye michirizi, zimelainishwa na kiganja cha mtu aliyekuwa nayo kabla yangu, na pale kidole gumba chake kilipozoea kukaa, changu nacho kimeingia. Ukivuta sehemu ya juu nyuma na kuiachia, inarudi kwa mlio mmoja uliokamilika, kama mlango wa gari zuri unapofungwa. Kasha la ndani ya mpini linaingia risasi saba, fupi na nono. Ukipiga, inajijazia yenyewe risasi inayofuata, halafu inatulia. Haiendi mbele yako. Inakungoja uvute tena. Wanaosema inapiga teke hawajui. Inakusukuma, kama rafiki anavyokusukuma bega akikutania. Kisha harufu ya baruti, na ganda la shaba linaanguka kwenye saruji likilia kama kijiko.

Nilipokwenda kuitazama karatasi ya shabaha, matundu yangu yote ungeyafunika kwa kisahani cha chai. Nilicheka peke yangu pale, mtu mzima, mbele ya karatasi. Mama Tina, nilikuwa na furaha. Sijui neno jingine la kuandika.

Nimekueleza yote kwa sababu mimi na wewe hatufichani.

Mume wako,
Ruphin

&nbsp;

Lubumbashi, Jumatatu 24 Februari 2025

Baba Tina,

Barua yako nimeisoma nimesimama, ingawa uliniambia niketi. Nilipofika kwenye neno lile nikafikiri nimeruka mstari. Nikarudi juu, nikasoma tena viza, kitanda, nailoni, nikashuka polepole, nikalikuta neno liko palepale. Mama akauliza, "Mtoto wangu anasemaje?" Nikamwambia unasalimia. Akasema, "Kwa nini basi unashika ukuta?"

Wewe na mimi tumetoka Kalemie. Nani alikuwa akilala chini ya kitanda risasi zikilia, na masufuria juu ya kichwa? Si wewe na ndugu zako? Siku unaondoka uliniambia, hapo kwenye mlango wa baba yangu, kwamba unakwenda kututafutia mahali ambapo watu wanalala juu ya kitanda. Nimekungoja kwa maneno hayo. Sasa umeuleta mlio uleule ukauwekea sefu ukutani, na unaniandikia rangi yake ni kama shingo ya njiwa.

Na huyo mzee anaiita mchumba wako. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuona kitu. Kila Jumamosi ulikwenda kumwona. Mimi nimekuwa kwenye kabati hili la Lubumbashi kwa miaka minane, na hakuna aliyenitoa kuniweka juu ya kitambaa. Maombi mawili yalipelekwa mwaka mmoja, langu na la bastola. Bastola ilipata karatasi kwanza. Nakuambia kama ninavyoona.

Tena hata mbele ya Mungu hukuipeleka. Tulipopata redio tuliipeleka kanisani kushukuru kabla ya kuiwasha. Cherehani yangu, wewe ndiye uliyeibeba kichwani mpaka madhabahuni, na kanisa zima likapiga vigelegele. Kitu ambacho hakiwezi kusimama mbele ya kanisa, kinaingiaje nyumbani kwangu?

Nyumba yenye kitu hicho siingii, na Tina haingii. Iuze. Kama huwezi, niambie mapema nitoe nguo zangu kwenye sanduku.

Viatu vya Tina vinambana. Amekua. Yeye hana kosa, anakusalimia.

Henriette

&nbsp;

Durban, Jumatatu 10 Machi 2025

Mama Tina mpendwa,

Nimepata barua yako jana kwa mkono wa Pascal. Nimeisoma mara kadhaa na nimekaa siku nzima ndipo nikajibu, ili nisijibu kwa moto.

Nimeelewa kwamba unaogopa ajali. Ni haki yako kama mama. Nakuhakikishia kwamba sefu ni ya chuma, imefungwa ukutani kwa boliti nne, ufunguo nauvaa mwilini. Risasi zinakaa kwenye kisanduku kingine. Bastola yenyewe ina kizuizi cha kidole gumba na kingine nyuma ya mpini, kwa hiyo isiposhikwa mkono mzima haiwezi kupiga hata ukiiangusha. Siendi nayo kazini, siitembezi mjini. Inatoka sefuni kwenda uwanja wa shabaha na inarudi. Tina hataiona mpaka siku utakayosema wewe.

Kuhusu karatasi, nimeona aibu. Leseni niliifuata kwa miguu yangu. Viza yako iko mikononi mwa konsula ya huko kwenu, siwezi kwenda kusimama mlangoni kwao. Nakuomba uende wewe. Uliza kwa upole, waambie mume ana ukaazi wa kudumu. Labda faili limesahaulika chini ya mengine.

Lakini kuna neno moja umesema na limenichoma, kwa sababu ni kweli. Sikuipeleka mbele ya Mungu. Kila kitu cha nyumba yetu kimepita madhabahuni, na hiki nilikiingiza kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Nimeamua kurekebisha. Jumapili ijayo kuna ibada ya shukrani. Nimekwenda kwa Doudou, yule anayepanga majina ya watoa shukrani, nikamwomba aniweke. Akauliza ni kitu gani. Nikamwambia, "Ni kitu nilichokingoja muda mrefu, na karatasi zake zimetoka." Akanikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Akasema kanisa lote litafurahi pamoja nami, walikuwa wanaiombea siku zote. Sikujua kwamba Brandon amewaambia. Nilifurahi kuona watu hawana moyo mbaya.

Nitavaa kostimu, ile suti ya harusi yetu. Bado inanitosha, ila kifungo kimoja.

Baada ya hapo utaniambia kama bado huwezi kuingia.

Wako,
Ruphin

&nbsp;

Durban, Jumatatu 17 Machi 2025

Mama Tina ndugu yangu,

Ni miye Cathy. Najua hatuandikiane mara nyingi, lakini tulikalia dawati moja pale Kalemie, na kama sikuandike miye, utaandikiwa na wengine waliokuwa chini ya viti na hawakuona vizuri. Miye niliona. Kiti changu kilikuwa cha plastiki yenye matundu.

Wiki nzima hapa Albert Park ilikuwa habari moja: viza ya Mama Tina imetoka. Doudou alituambia. Alisema, Ruphin atatoa shukrani Jumapili, karatasi zimetoka, yule waliyekuwa wanamngojea anakuja. Niliacha vichwa viwili saluni bila kumaliza kusuka, nikaenda kutafuta kitenge cha kukupokea. Sonia, tunayesuka naye, alipika. Eish, hata wale ambao hawakupendi walipika.

Jumapili bwana wako anakuja na kostimu, ameketi mbele, na kasanduku kameviringwa kitambaa cheupe kwenye magoti. Nikamwambia Sonia, "Angalia namna anaishika pasipoti ya watu kama yai." Sonia akasema, "Mume wangu hata yai lenyewe haishiki hivyo."

Kabla yake kulikuwa na mama wa mapacha, na kijana mwenye ufunguo wa gari. Halafu pasta Eddy akamwita. Akamwambia kwa mikrofoni, "Ndugu Ruphin, inua juu kile Bwana alichokutendea, watu wote waone." Ngoma inapiga, sisi tumesimama, mikono juu, vigelegele viko mdomoni. Akafungua kitambaa. Akainua.

Henriette, vigelegele vilirudi ndani.

Sikujua kama kanisa la watu wengi namna ile linaweza kulala chini kwa mara moja bila mtu kusema lala. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wetu hawapigi kelele wakiona kitu kile, unajua. Mama wa mapacha alikuwa amewalalia watoto wake wote wawili, mkono umeziba midomo yao. Papa Jules, na uzee wake wote, alipiga magoti, akavua viatu, akaviweka mbele yake vizuri na simu juu, akasema, "Chukueni, chukueni vyote, mabinti hawamo humu." Mabinti gani, sijui. Mabinti zake wako Canada. Mpiga ngoma ndiye peke yake alikuwa anapiga, kwa sababu akiabudu anafunga macho. Pasta alikuwa nyuma ya mimbari anasema, "Ndugu Ruphin, tunakupenda, ndugu Ruphin, hata jana nilikuwa nakutaja vizuri."

Shemeji anasema, "Haina risasi, iko wazi, tazameni iko wazi." Nani wa kutazama?

Leo tunacheka. Leo saluni nzima inacheka, na Papa Jules amekuwa na jina jipya. Lakini nataka nikuambie kile ambacho hatuchekei. Sisi tulikuwa chini, tunajua kazi yetu, tumeifanya tangu utoto. Yeye alibaki peke yake amesimama, mkono juu, na nikaona uso wake kupitia matundu ya kiti. Sijaona mtu ameshtuka vile. Alikuwa anatutazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta maiti. Hakuweza kuishusha. Doudou ndiye aliyetambaa, akamshika mguu wa suruali, akamwambia, "Shusha, ndugu yangu, shusha polepole." Akashusha. Akaketi chini pamoja na sisi, kostimu yote na vumbi.

Mlinzi wa jengo aliita polisi. Wakaangalia leseni, wakaiona ni ya kweli, wakamchukua kwenda kuandika maelezo. Jioni walimwachia na maneno makali: kitu kile hakiinuliwi mbele ya umati wa watu, hata kama ni Mungu ndiye anaonyeshwa. Afisa mmoja mwanamke alimuuliza, "Baba, ulikuwa unafikiri nini?" Akajibu, "Mke wangu alisema niipeleke kanisani." Ni kweli ulisema hivyo?

Kitenge chako niko nacho. Watu wananiuliza, sasa ile viza je? Niwaambie nini?

Rafiki yako,
Cathy

&nbsp;

Durban, Jumanne 18 Machi 2025

Mama Tina,

Pascal amecheleweshwa na gurudumu, kwa hiyo barua yangu ya wiki iliyopita, hii, na ya Cathy zitakufikia pamoja. Nakuomba uzisome kwa kufuata tarehe.

Nimeirudisha bastola dukani leo. Mzee aliniuliza kama imeharibika. Nikamwambia hapana, haijawahi kukosea hata mara moja. Akaniuliza kama naumwa. Ataiweka kabatini mpaka apatikane mnunuzi mwenye leseni.

Sitaki kujitetea. Nataka kukueleza kitu kimoja, kwa sababu nadhani hata mimi sikukijua mpaka Jumapili.

Nilipokuwa mtoto mlio ule ulikuja wenyewe. Hukujua utakuja lini wala kutoka upande gani, na ukishakuja hukujua kama kuna mwingine. Kilichonichosha kilikuwa kungoja. Mpaka juzi mlango wa lifti ukigonga kwa nguvu hapa, naganda ngazini na ufunguo mkononi. Kule uwanjani mara ya kwanza, nilivuta mimi mwenyewe, na mlio ukaja wakati ule nilioutaka, halafu ukanyamaza mpaka nilipotaka tena. Ukawa wangu. Siwezi kukueleza jinsi mabega yangu yalivyoshuka. Hiyo ndiyo furaha niliyokuandikia, ila niliipaka rangi za njiwa kwa kutojua.

Nilidhani kwa kuwa mimi nimepona, kila mtu atafurahi kuona dawa. Nikawainulia juu. Niliona mgongo wa yule mama wa mapacha. Niliona viatu vya Papa Jules vimepangwa. Nilikuwa nimesimama mahali pale ambapo husimama wale watu, Mama Tina. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwatazama kutoka chini. Jumapili nimejua kanisa linavyoonekana kutoka pale wanaposimama wao.

Nimekwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Mama wa mapacha alinipa chai. Alipokuwa akimimina tukaangalia kando wote wawili.

Kwa hiyo nyumba haina kitu hicho tena. Kama utakuja, njoo. Kama nguo umezitoa kwenye sanduku, sitakulaumu.

Ruphin

&nbsp;

Lubumbashi, Alhamisi 3 Aprili 2025

Baba Tina,

Nimezisoma kwa kufuata tarehe kama ulivyotaka. Nilipomaliza ile ya kwenda kanisani, kabla sijafungua ya Cathy, nilijua. Nikasema kwa sauti, "Ruphin, usiende." Mama akasema, "Nani haendi wapi?" Barua ilikuwa na wiki tatu na mimi namzuia mtu aliyekwisha kurudi.

Nilikuwa nakuchoma, sikuwa nakutuma. Mke yeyote angelijua hilo ni neno la hasira. Ila miaka minane ni mingi. Umesahau sauti yangu nikikasirika, umebaki na maandishi, na maandishi unayatii.

Sasa keti wewe. Nasema kweli, keti.

Viza yangu ilitoka Novemba. Konsula iliniita mimi, si wewe, tarehe ishirini na moja. Nilikwenda nimevaa vizuri, wakanipa pasipoti mbili, yangu na ya Tina, nikarudi nyumbani, nikaziweka kwenye sanduku chini ya mashuka. Mama hajui. Tina hajui. Nilipokuandikia kwamba bastola ilipata karatasi kwanza, mguu wangu ulikuwa juu ya sanduku hilo. Niliandika nikijua ni uongo, na uliponijibu kwamba umeona aibu, nilikunja barua nikashindwa kula.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza zaidi yako.

Nilikuwa nakuogopa. Sikuogopa kwamba utanipiga. Niliogopa kwamba sikujui. Nimehifadhi barua zako zote. Zinasema nimepata kazi, nimehama, nimetuma kwa Pascal, mvua imenyesha, nasali. Miaka minane sijui unacheka nini. Nilijiona nashuka kwenye basi, napokelewa na mwanamume mwenye mizigo yangu mkononi, tunaingia nyumba yenye kitanda chenye nailoni, tunakaa, hakuna cha kusema. Kila wiki nilisema nitamwambia wiki ijayo.

Halafu ikaja ile ya Februari. Nilishtuka, ndiyo, nilishika ukuta. Lakini hukujua nilichoshtukia. Chuma hicho nilikiona Kalemie tukiwa watoto, hakina jipya kwangu. Nilishtuka kwamba ulicheka peke yako mbele ya karatasi. Nilishtuka kwamba kuna kitu duniani unaweza kukiandikia kurasa mbili, rangi yake, uzito wake, mahali kidole kinapokaa. Nikawa na wivu mpaka tumboni. Sikuwahi kuandikiwa mstari mmoja namna ile. Na hapohapo nikasema moyoni, kumbe mtu huyu yupo. Nilikutukana kwa sababu nilikuona, na nilikuwa nimekwisha kujizoeza kutokukuona.

Mwisho wa kuingia ulioandikwa kwenye viza ni tarehe thelathini Aprili. Nimenunua tiketi za basi, tunaondoka wiki ya tatu, tutafika kwako Jumamosi tarehe ishirini na sita, mchana, kama barabara ni nzuri. Mama nimemwambia leo. Akaenda kupika sambaza, visamaki vya kula njiani.

Mwambie mzee wako asiiuze kwanza. Sijakubali, usifurahi. Nyumbani haingii. Lakini nataka unipeleke mahali hapo penye miwa, nisimame nyuma yako, na kabla ya kuvuta uniambie, "Sasa." Nataka nisikie mlio ule mara moja nikiwa nimeambiwa. Nikishausikia nitajua kama inauzwa au haiuzwi.

Usinijibu. Barua haitanikuta.

Henriette

&nbsp;

Durban, kituo cha mabasi, Jumamosi 26 Aprili 2025
Kwa mkono

Mama Tina,

Uliniambia nisijibu. Basi limechelewa kutoka Johannesburg, na mimi siwezi kukaa bure, kwa hiyo naandika nikiwa nimeiegemeza karatasi kwenye goti. Nitakupa mwenyewe.

Tangu Novemba. Nimejaribu siku zote hizi kuandika sentensi nyingine na hiyo ndiyo inayokuja. Novemba nilikuwa nahamia Overport. Novemba nilipanda kiti kufunga pazia la chumba chako nikaanguka, nikacheka, nikasema nitamwambia akija. Desemba nililia Krismasi kwa Doudou kwa ajili ya viza iliyokuwa chini ya mashuka. Na Machi nikakuomba radhi kwa faili ambalo halikusahaulika popote. Nilipoisoma barua yako niliketi kama ulivyosema, na sikusimama mpaka mteja akaja kugonga dirisha la duka. Nimekuwa na hasira, Henriette. Bado ninayo. Nimekuja nayo hapa kituoni.

Lakini nikijaribu kukukasirikia nahitaji kuuona uso wako, na hapo ndipo nimeshtuka zaidi kuliko viza. Nakumbuka uso wa picha. Nakumbuka kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto, ulipoanguka na ndoo. Nakumbuka kwamba ukisikiliza mtu unayemwona mwongo, unalegeza kitambaa cha kichwa na kukifunga upya. Sauti yako ya barua naijua. Sauti yako ya kuita mtu kutoka chumba kingine, sina. Nimeikagua bastola kila Jumamosi nikaijua mpaka mikwaruzo yake, nawe nilikuacha uwe jina la juu ya barua. Hilo ni langu, si la konsula.

Mzee hajaiuza. Aliyeitaka bado anangoja leseni yake. Nimemwambia aondoe bei. Cathy yuko hapa na kitenge, na Papa Jules amekuja, amevaa viatu. Wanabishana kama mpigiwe vigelegele au mnyamaziwe kwanza mpumzike.

Basi limeingia.

Watu wanashuka na mablanketi. Naandika huku natazama. Ameshuka msichana mrefu mwenye nywele za kusuka, ameshika mkoba kifuani. Nyuma yake mwanamke mwenye gauni la kijani, mwembamba kuliko picha, anatafuta kila uso wa wanaume waliosimama hapa. Amenitazama. Macho yake yamekaa kwangu kidogo, yakaenda kwa mtu wa pembeni yangu, yakapita.

Anafungua kitambaa cha kichwa. Anakifunga upya.

Hujanitambua, mke wangu. Naweka kalamu mfukoni, nakuja kukuambia jina langu.

Ruphin